Barambah: ngome iliyodhaniwa ni ya chama

Kuanzia 1950 hadi 1987, jimbo la uchaguzi la Barambah lilikuwa na mbunge mmoja tu katika bunge la Queensland, sehemu ya shirikisho la Australia yenye serikali na Waziri Mkuu wake. Aliitwa Joh Bjelke-Petersen. Katika miaka hiyo 37, 19 aliitumia akiwa Waziri Mkuu wa Queensland, na hakuna aliyewahi kuwa Waziri Mkuu huko muda mrefu kuliko yeye. Alipoondoka, chama chake cha National kilisimamisha mgombea katika uchaguzi mdogo kikiamini kiti ni mali yake. Kikashindwa. Miaka kumi baadaye, katika uchaguzi mkuu wa 1998, kikashindwa tena. Mwaka 2001 jimbo lenyewe likafutwa kwenye ramani.

Simulizi iliyozoeleka juu ya Queensland ya zama zile husema Bjelke-Petersen alitawala kwa sababu mipaka ya majimbo ilipindwa impendelee. Upindaji ulikuwepo, na ulikuwa wa aibu. Lakini ukizitazama hesabu za kura, utakuta simulizi hiyo inaruka jambo zito zaidi. Mipaka ile iliumiza upinzani, ndiyo, ila kazi yake kubwa ilikuwa kuamua nani ndani ya kambi iliyoshinda atakaa mbele na nani atamfuata nyuma. Na kwa kuwa ilikipa chama kimoja madaraka bila kukilazimisha kuwatafuta wapiga kura, chama hicho hakikujua hata nyumbani kwake kinapendwa kiasi gani. Barambah ndiyo iliyokuja kukiambia.

Tuanze na mahali penyewe. Barambah ilichukua sehemu ya South Burnett, nchi ya mashamba na mifugo kaskazini-magharibi mwa jiji la Brisbane, makao makuu ya Queensland. Mji wake mkubwa ni Kingaroy, unaojulikana Australia nzima kwa karanga. Maghala marefu ya karanga ndiyo yanayoonekana kwanza ukiingia mjini. Miaka ambayo Waingereza walikuwa wakizika mamilioni ya pauni kwenye mradi wa karanga wa Kongwa, Tanganyika, wakulima wa Kingaroy walikuwa wakivuna zao hilohilo na kuishi nalo. Bjelke-Petersen alikuwa mmoja wao. Alizaliwa New Zealand mwaka 1911, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri mwenye asili ya Denmark, akaletwa Kingaroy akiwa mdogo, akalima karanga, kisha akafanya biashara ya kusafisha mapori. Njia yake ilikuwa hii: matingatinga mawili yanakwenda sambamba, katikati umefungwa mnyororo mzito wa nanga ya meli, na kila mti uliosimama kati yake unang'oka na mizizi. Kazi iliyowachukua watu wenye mashoka miezi ikawa ya siku chache. Wakulima wenzake walimheshimu kwa hilo kabla hawajampigia kura hata moja.

Aliingia bungeni mwaka 1947 kwa jimbo la Nanango. Mwaka 1950 mipaka ilipochorwa upya, Nanango ikafutwa, Barambah ikazaliwa, naye akahamia humo.

Mchoro huo wa 1950 unahitaji kuangaliwa kwa makini, maana ndipo mambo yote yalipoanzia, na walioanzisha hawakuwa watu wa Bjelke-Petersen. Ilikuwa serikali ya Labor, chama cha wafanyakazi, chini ya Waziri Mkuu Ned Hanlon. Sheria ya 1949 iliongeza viti vya bunge kutoka 62 hadi 75 na kuigawa Queensland katika kanda nne, kila kanda na kiwango chake cha wapiga kura kwa kiti kimoja. Kiti cha kanda ya magharibi, kwenye nyika na mbuga za kondoo, kilihitaji chini ya nusu ya wapiga kura waliohitajika kwa kiti cha Brisbane. Wakati ule Labor walikuwa na nguvu magharibi, kwa sababu wakata manyoya ya kondoo na wafanyakazi wa reli walikuwa watu wao, kwa hiyo mpango uliwafaa. Katika uchaguzi wa 1950 walipata pungufu ya asilimia 47 ya kura na kuondoka na viti 42 kati ya 75. Wapinzani wao walipata kura nyingi zaidi na viti vichache zaidi.

Kizuizi hakikuwepo. Bunge la Queensland ni la chumba kimoja tangu 1922, Labor haohao walipolifuta Baraza la juu. Serikali yenye wingi wa viti inaweza kupitisha sheria ya mipaka leo na kuivuna kesho. Halafu mwaka 1957 Labor wakagawanyika wenyewe kwa wenyewe, wakamfukuza chamani Waziri Mkuu wao, Vince Gair, na uchaguzi ulipoitishwa wakaanguka. Frank Nicklin wa chama cha wakulima, Country Party, ambacho ndicho cha Bjelke-Petersen na baadaye kikaitwa National, akaunda serikali ya mseto na chama cha Liberal. Mfumo uliojengwa na Labor ukawa umeachwa mezani, na waliourithi hawakuwa na sababu ya kuuvunja.

Nicklin alistaafu Januari 1968. Aliyemrithi, Jack Pizzey, alifariki baada ya miezi michache, na tarehe 8 Agosti 1968 mbunge wa Barambah akawa Waziri Mkuu. Nafasi yake mwanzoni ilikuwa ya mashaka. Mwaka 1970 wabunge wa chama chake walijaribu kumwondoa, na alinusurika kwa kura moja: alijipigia mwenyewe, na akatoa kura ya uwakala ya mbunge aliyekuwa ng'ambo bila mawasiliano. Mtu wa namna hiyo haachi mambo yajiendee. Mwaka uliofuata kanda zilichorwa upya, zikabaki nne, safari hii zikipangwa kwa faida ya vijiji dhidi ya Brisbane na miji mikubwa ya mikoani, ambako kura za Labor zilirundikwa.

Sasa tuje kwenye hesabu. Uchaguzi wa 1972: Labor asilimia 46.7 ya kura, viti 33 kati ya 82. Liberal asilimia 22.2, viti 21. Country Party asilimia 20, viti 26. Wanaosema "alitawala kwa asilimia ishirini" huishia hapo, na inasikika kama wizi wa mchana. Lakini Queensland ilikuwa ikipiga kura kwa kupanga wagombea, namba 1, namba 2, namba 3, na kulikuwa na chama cha nne, DLP, kilichotokana na mgawanyiko wa Labor, kilichopata karibu asilimia 8, ambacho wapiga kura wake wengi waliipa serikali ya mseto namba 2. Ukijumlisha hivyo, kambi mbili zilikuwa karibu sawa. Labor walidhulumiwa viti, hilo halina ubishi, ila dhuluma iliyo wazi kuliko zote iko kwenye mistari miwili ya mwisho. Liberal walikuwa na kura nyingi kuliko Country Party, halafu wakapata viti vichache, na kwa kuwa uwaziri mkuu humwendea mwenye viti vingi katika mseto, ulimwendea mtu wa Barambah.

Mwaka 1974 Labor walisambaratika, wakabaki na viti 11. Upindaji haukuhitajika kuwashinda. Tazama tena washirika: Liberal asilimia 31 ya kura na viti 30; National, jina jipya la Country Party, asilimia 28 na viti 39. Mwanachama wa Liberal wa Brisbane aliyekuwa akimchukia Labor alipiga kura yake kwa moyo mmoja, na kila alipofanya hivyo alimwongezea nguvu Waziri Mkuu ambaye chama chake kilikuwa na wafuasi wachache kuliko chake. Serikali ikapiga marufuku maandamano ya barabarani mwaka 1977, polisi wakakamata watu kwa mamia, na Liberal wakaendelea kukaa ndani ya baraza la mawaziri. Mwaka 1983 mseto ulipovunjika, National walipata viti 41, nusu kamili ya bunge. Wabunge wawili wa Liberal, Don Lane na Brian Austin, wakahamia kwao na kuwapa wingi waliouhitaji. Wote wawili walipewa uwaziri. Wote wawili walifungwa baadaye kwa kutumia vibaya fedha za umma.

Kilele kilifika 1986. National asilimia 39.6 ya kura, viti 49 kati ya 89. Labor asilimia 41.3, viti 30. Chama kilichoshindwa kwa kura kikatawala peke yake, bila mseto na bila kumwomba mtu.

Ndani ya Barambah kwenyewe miaka hiyo ilileta vitu vya kuonekana kwa macho. Kituo kikubwa cha umeme wa makaa ya mawe kilijengwa Tarong, karibu na mji wa Nanango, kikaanza kuzalisha umeme katikati ya miaka ya 1980, na ajira nyingi zikaja nacho. Bwawa likajengwa karibu na mji wa Murgon kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji. Ukuta wa bwawa ulipewa jina la Bjelke-Petersen, na ziwa lililotokea nyuma yake likaitwa Barambah.

Jina hilo la Barambah lilikuwa limebebwa kabla na watu wengine, na siwezi kuandika historia ya kura za jimbo hili nikawapita. Mwanzoni mwa karne ya 20, kilomita chache kutoka Murgon, serikali ilianzisha kambi ya Waaborijini, wenyeji wa asili wa Australia, iliyoitwa Barambah. Familia kutoka koo na lugha nyingi tofauti zilichukuliwa makwao kwa nguvu ya sheria ya 1897 na kuletwa hapo kwa treni, kwa mikokoteni na kwa miguu. Watoto walitengwa na wazazi katika mabweni. Watu wazima walipelekwa kufanya kazi mashambani na majumbani, na mishahara yao ikashikwa na serikali; ili upate fedha yako mwenyewe uliomba ruhusa kwa msimamizi. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kambi ilibadilishwa jina kuwa Cherbourg, na ndivyo mji huo unavyoitwa hadi leo.

Queensland ililazimisha raia kupiga kura tangu 1915. Asiyepiga alitozwa faini. Lakini Mwaborijini aliyewekwa chini ya sheria ile hakuruhusiwa kabisa kushika karatasi ya kura hadi 1965, na Queensland ilikuwa ya mwisho Australia nzima kufungua mlango huo. Maana yake ni kwamba Bjelke-Petersen alichaguliwa Barambah mara sita, 1950, 1953, 1956, 1957, 1960 na 1963, na katika mara zote hizo watu wa Cherbourg waliishi umbali wa kutembea kutoka Murgon, ambako jirani zao Wazungu walikuwa wakipiga kura chini ya tishio la faini. Viwango vya kanda vilihesabiwa kwa walioandikishwa, hivyo hawakuwemo hata kwenye hesabu iliyoamua ukubwa wa jimbo. Tunapobishana kama kura ya Kingaroy ilikuwa na thamani ya kura moja na nusu au mbili za Brisbane, tukumbuke kwamba katika eneo hilohilo kulikuwa na kura yenye thamani ya sifuri. Madai ya mishahara iliyoshikwa yalifikia mwafaka mwaka 2019 tu, serikali ya Queensland ilipokubali kulipa dola milioni 190 za Australia. Wengi waliofanya kazi ile walikuwa wameshazikwa.

Kuanguka kwa Bjelke-Petersen kulianzia Brisbane. Mei 1987 televisheni ya taifa ilionyesha jinsi madanguro na kamari haramu vilivyoendeshwa kwa ulinzi wa polisi, na siku iliyofuata Bill Gunn, aliyekaimu uwaziri mkuu wakati bosi wake akiwa nje, akatangaza uchunguzi. Uliongozwa na Tony Fitzgerald, na kila shahidi alipofungua mdomo polisi na wanasiasa walizidi kutajwa. Kamishna wa Polisi, Terry Lewis, aliishia gerezani. Novemba 1987 Bjelke-Petersen alijaribu kuwafukuza baadhi ya mawaziri wake, wabunge wa National wakamgeuka na kumchagua Mike Ahern kuwa kiongozi. Mzee alijifungia ofisini kwa siku kadhaa akikataa kutoka. Tarehe 1 Desemba alijiuzulu uwaziri mkuu na ubunge kwa pamoja.

Hivyo Barambah ikaenda kwenye uchaguzi mdogo Aprili 1988, na kwa mara ya kwanza tangu jimbo liundwe jina lake halikuwa kwenye karatasi ya kura. National walimsimamisha Warren Truss, mkulima na mwenyekiti wa halmashauri ya Kingaroy, mtu anayejulikana na mwenye heshima. Kwa kila kipimo cha kawaida alikuwa mgombea mzuri, na maisha yake ya baadaye yanathibitisha: mwaka 1990 aliingia bunge la shirikisho, akaja kuwa Naibu Waziri Mkuu wa Australia kuanzia 2013 hadi 2016. Lakini pale nyumbani alishindwa na Trevor Perrett wa Citizens Electoral Council, kikundi kilichokuwa ndiyo kwanza kimeanza, chenye ahadi kwamba wananchi wapewe haki ya kuanzisha kura ya maoni juu ya sheria. Kikundi hicho hakikuwahi kushinda kiti kingine cha bunge, na baadaye kilijifungamanisha na vuguvugu la Mmarekani Lyndon LaRouche. Perrett mwenyewe alihamia National muda mfupi baada ya ushindi na akaja kuwa waziri wa kilimo.

Kwa nini jimbo lililompa National kiti miaka 37 likakiachia kikundi cha namna hiyo? Hasira ina nafasi yake: watu wa Kingaroy waliona mzee wao amesukumwa nje na wabunge ambao bila yeye wasingefika bungeni. Ila hasira peke yake haivunji uaminifu wa kweli kwa chama. Naamini uaminifu huo haukuwahi kujengwa. Katika jimbo ambalo mshindi anajulikana kabla ya kura, chama hakina haja ya kufungua matawi yenye uhai, wala ya kuwasikiliza vijana waliokosa ardhi au wakulima wanaolemewa na madeni ya benki, wala ya kujibu hoja. Kazi yote ilifanywa na sura ya mtu mmoja. Sura ilipoondoka, kilichobaki ni wapiga kura waliofundishwa kwa miongo minne kwamba Brisbane na Canberra, mji mkuu wa Australia, ni maadui zao, na ambao sasa walikiona chama chao nacho kimekuwa cha Brisbane.

Mwaka uliofuata mfumo mzima ulijaribiwa. Tarehe 2 Desemba 1989, kwa mipaka ileile ya National, Labor chini ya Wayne Goss walipata zaidi ya asilimia 50 ya kura na viti 54 kati ya 89. Upindaji ulikuwa na kikomo, na kikomo chake kilikuwa wimbi la wapiga kura walioudhika kwelikweli. Wanaoitetea Queensland ya zamani hupenda kusema hiyo ni dalili kwamba mfumo haukuwa mbaya. Sikubaliani nao. Ilichukua miaka 32 na kashfa ya kutikisa jeshi zima la polisi ili serikali ibadilishwe, na katika miaka hiyo watu walipigwa barabarani na fedha za umma zikaliwa.

Tume iliyopendekezwa na ripoti ya Fitzgerald ilifuta kanda. Tangu 1992 majimbo ya Queensland yanapaswa kulingana kwa idadi ya wapiga kura, tofauti isizidi asilimia 10 juu au chini. Walibakiza nafuu moja kwa majimbo makubwa mno, yanayofikia au kuzidi kilomita za mraba 100,000: kwenye idadi ya wapiga kura wake huongezwa namba ya kufikirika iliyo sawa na asilimia 2 ya eneo. Jimbo la kilomita za mraba 100,000 linahesabiwa kama lina wapiga kura 2,000 zaidi. Binafsi naona ni suluhisho la haki, kwa sababu kanuni imeandikwa, inahesabika, na haijali nani anashinda huko.

Barambah ilibaki na Perrett hadi 13 Juni 1998. Siku hiyo One Nation, chama cha Pauline Hanson kilichojengwa juu ya hofu ya wahamiaji na chuki dhidi ya misaada kwa Waaborijini, kilipata karibu asilimia 23 ya kura Queensland nzima na viti 11. Barambah ilikuwa kimojawapo. Dorothy Pratt alimwangusha Perrett. Nao hawakudumu pamoja: mwaka 1999 Pratt alikiacha chama na kubaki mbunge wa kujitegemea. Mipaka mipya ilipoanza kutumika 2001, jina la Barambah liliondolewa na Nanango ikarudishwa. Pratt aliishika Nanango kama mbunge wa kujitegemea hadi alipostaafu 2012. Njiani alimshinda mara mbili, 2006 na 2009, mgombea aitwaye John Bjelke-Petersen, mtoto wa Joh.

Kiti kilirudi upande ule 2012 kupitia Deb Frecklington, mwanasheria wa Kingaroy, kwa tiketi ya LNP, chama kilichozaliwa 2008 kwa kuunganisha National na Liberal, washirika wale wawili ambao zamani kanda ziliamua nani kati yao awe mkubwa. Desemba 2017 Frecklington alichaguliwa kiongozi wa chama, na South Burnett ikawa tena na mtu anayewania uwaziri mkuu. Alikwenda kwenye uchaguzi wa 2020 akiwa na vijiji vingi mkononi. Labor walipata viti 52 kati ya 93, LNP 34, kwa sababu viti vingi vya Brisbane vilibaki kwa Labor, na sasa kila kimoja kina uzito uleule wa Nanango.